Pikapu ya zamani inapogoma kuwaka ikiwa moto: mwongozo kamili wa kutafuta kosa

Asubuhi inawaka mara moja. Unatoka Chake Chake hadi Tumbe kuchukua samaki, unazima gari, mnapakia na kutia barafu, halafu unarudi kwenye usukani na gari haitaki. Pengine stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Pengine stata yenyewe inazunguka kwa uzito, au unasikia "tak" moja tu na kimya. Unafungua boneti, unangoja nusu saa au saa nzima, kisha inawaka na kuondoka bila shida yoyote. Jioni ukiipeleka kwa fundi inawaka mbele yake, naye hana kosa la kukuonesha.

Makosa ya joto ndivyo yalivyo: injini ikipoa, kosa nalo linapotea. Ndiyo maana watu wananunua betri mpya, baadaye koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche), baadaye pampu, na gari bado inagoma. Kwetu Pemba gharama ya kubahatisha ni kubwa zaidi, kwa sababu kifaa kisichopatikana Chake wala Wete huagizwa Unguja au Dar es Salaam na kuletwa kwa boti, na maduka mengi hayarudishi kifaa cha umeme kikishafungwa kwenye gari. Mpangilio wote wa mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: pima pale pale gari inapogoma, ingali moto. Dakika tano za kupima wakati huo zina faida kuliko siku nzima gereji gari ikiwa imepoa.

Nimeandika zaidi kwa ajili ya pikapu tulizonazo huku: Toyota Hilux za petroli zenye kabureta, kama zile za injini ya 22R, na zile za dizeli za 2L na 3L. Nissan, Isuzu na Mazda za umri huo hazitofautiani sana kwa mambo haya.

Kwa nini inagoma baada ya kuzimwa, na si barabarani

Injini ikifanya kazi, pampu ya maji inazungusha maji, feni inavuta upepo, na gari ikitembea upepo unaingia kwa nguvu. Termostati nyingi (valvu ya maji ya injini) hufunguka maji yakifika kiasi cha nyuzi 82, na hapo joto linakaa sawa. Ukizima, maji yanasimama na feni inasimama, lakini chuma cha injini na manifoldi ya moshi (chuma kinachokusanya moshi unaotoka kwenye injini) bado kina joto kali. Joto hilo halina pa kwenda ila juu na pembeni, kwenye kabureta, pampu ya mafuta, koili na stata. Kwa hivyo chini ya boneti joto huzidi kupanda kwa muda baada ya kuzima, na mara nyingi hufikia kilele kati ya dakika 10 na 30.

Hapo ndipo petroli inapopata shida. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi. Wakati wa Kaskazi, Disemba hadi Machi, hewa yenyewe mchana inapita nyuzi 30, basi fikiria hali ya bakuli la kabureta, pale petroli inapokaa kabla ya kuingia injini, lililokaa juu ya injini iliyotoka kupanda vilima vya njia ya Wete na mzigo.

Saa ya kugoma ni ushahidi, iandike. Gari inayowaka ukizima na kuwasha papo hapo, lakini inagoma baada ya robo saa, mara nyingi ina tatizo la mafuta kuchemka. Gari inayogoma papo hapo ulipozima, kwa stata nzito au "tak", ina tatizo la stata, kebo au betri. Gari inayozimika yenyewe barabarani ikishapata moto, kisha inakataa mpaka ipoe, ichunguze koili na kifaa cha umeme kinachoiendesha kabla ya kitu kingine.

Vitu vya kuwa navyo ndani ya gari

Mita ya umeme ya bei ndogo inatosha. Tafuta pia balbu ya volti 12 iliyoungwa nyaya mbili ndefu, plagi moja nzima ya akiba, spana namba 10, 12 na 14, spana ya plagi, bisibisi, kipande cha msasa, kitambaa kizito cha pamba, chupa ya maji na kipande cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani. Mpira huo ni muhimu zaidi kwa wenye dizeli. Weka na mfuko wa mchanga mkavu kama huna kizimamoto.

Kabla hujagusa chochote: gia iwe huru, breki ya mkono juu, na jiwe chini ya gurudumu. Asiwepo mtu mwenye sigara karibu. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, maana maji yaliyomo yako kwenye shinikizo na yatakurukia usoni. Na usimwage maji kwenye manifoldi ya moshi. Chuma chake kikipoa ghafla hupasuka. Wapo pia wanaomimina petroli kutoka kwenye chupa ndani ya kabureta huku mwengine anapiga stata. Injini ikirudisha moto kupitia juu, anayeungua ni aliyeshika chupa. Usifanye hivyo hata ukiwa na haraka ya namna gani.

Hatua ya kwanza: sikiliza stata

Washa ufunguo, angalia taa za dashibodi, kisha piga stata kwa sekunde tatu. Unataka kujua kitu kimoja tu: stata inazunguka kwa kasi ile ile ya asubuhi, au la? Kama inazunguka vizuri, ruka sehemu inayofuata uende kwenye cheche na mafuta, au kwenye sehemu ya dizeli kama gari yako ni ya dizeli. Kama ni nzito au haizunguki, baki hapa, na wala usishughulike na kabureta.

Stata nzito au "tak"

Watu wengi wanakimbilia betri. Ipime kwanza. Betri nzima iliyojaa, gari ikiwa imezimwa kwa muda, husoma kiasi cha volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Gusa na ncha za mita kwenye risasi yenyewe ya betri, si kwenye vishikio vya kebo. Kisha utingo apige stata huku unatazama. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri ni dhaifu au haikuchajiwa. Injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi; chini ya hapo tazama belti na altaneta kabla ya kuilaumu betri. Joto huua betri kuliko baridi, na betri ya visiwani hailingani umri na ile ya nchi za baridi, kwa hivyo hakikisha maji yake yamefunika bamba na uongeze maji yaliyosafishwa tu, si ya bomba.

Kama betri imebaki juu ya volti 10 na stata bado ni nzito, umeme unapotea njiani. Kwenye kipimo hiki ndipo pesa nyingi zinapookolewa, kwa hivyo usikiruke. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye risasi ya chanya ya betri, na ncha nyeusi kwenye boliti kubwa ya stata inakofungwa kebo nene. Utingo apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, kebo au maungio yake ni mabovu. Kisha weka ncha moja kwenye risasi ya hasi na nyengine kwenye chuma kitupu cha injini, mpige stata tena. Hapo isizidi volti 0.3. Ikizidi, erthi (kebo ya hasi inayofungwa kwenye chuma) ndiyo mbovu.

Sababu ya kosa hili kuonekana kwenye joto tu ni kwamba shaba ikipata moto huzuia umeme zaidi, kiasi cha asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Stata iliyokaa jirani na bomba la moshi ikizidi nyuzi 50 juu ya hali ya asubuhi, uzuiaji wake umepanda kwa karibu moja ya tano. Kebo iliyokuwa inajikongoja asubuhi haiwezi tena mchana.

Na sisi tuna adui mwengine ambaye watu walio mbali na bahari hawana: hewa ya chumvi. Gari inayolala Wesha au Mkoani karibu na maji huota ungaunga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri, na mbaya zaidi, nyaya za shaba huoza ndani ya plastiki bila kuonekana kwa nje. Minya kebo karibu na kichwa chake. Ikiwa laini au inatoa sauti ya kuvunjika, imekwisha. Fungua vichwa, ukianza na hasi. Mwagia maji moto yenye magadi, sugua kwa msasa hadi uone risasi inayong'aa, kaza vizuri, ndipo upake grisi juu. Grisi ikitangulia kabla ya kukaza inaingia katikati na kuzuia umeme. Fanya vivyo hivyo pale erthi inapofungwa kwenye injini na kwenye chasisi. Kwa maoni yangu kila pikapu ya zamani ya Pemba inastahili kebo mpya ya erthi, nene, iliyofungwa kwenye injini moja kwa moja, kabla ya kununuliwa betri nyengine.

Sasa "tak" moja tu. Unga balbu: waya mmoja kwenye kijiwaya chembamba cha stata, mwengine kwenye chuma cha injini, na utingo azungushe ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, stata inalia "tak" na haizunguki, amri imefika na kosa limo ndani ya stata. Kwenye stata nyingi za Toyota ni vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) vinavyoliwa upande mmoja. Vinauzwa peke yake, na fundi umeme anavibadilisha bila ya kununua stata nzima. Mwambie hasa unachotaka. Balbu ikiwaka hafifu au isiwake, umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo haufiki. Waya huo unasafiri mbali, kupita swichi iliyochakaa, na njiani unapungua. Tiba nzuri ni kuweka relei karibu na betri, ili swichi iamrishe relei tu na relei ipeleke umeme kamili kwa stata. Ni kazi ya saa moja, na vifaa vyake vinapatikana hapa hapa.

Bado kuna kisa kimoja kinachowapoteza hata mafundi. Injini ikiwa moto stata inazunguka kwa kusitasita, inapiga, inakwama, inapiga tena. Vuta waya mkubwa wa katikati wa distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), uugandishe kwenye chuma cha injini, kisha piga stata. Kama sasa inazunguka laini, stata ni nzima: taimingi (wakati wa cheche kupiga) imepelekwa mbele mno na moto unawaka kabla ya pistoni kufika juu, ukiisukuma irudi chini. Taimingi irekebishwe kwa taa kufuata alama ya injini yako, isikadiriwe kwa sikio tu.

Stata inazunguka vizuri, petroli haishiki

Hapa swali ni cheche au mafuta. Anza na cheche, kwa sababu jibu lake linapotea haraka ukichelewa.

Chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye plagi yako ya akiba, lishikishe ganda lake kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, utingo apige stata. Ukisikia harufu kali ya petroli au ukaona imemwagika, acha kwanza ikauke. Cheche ya buluu inayolia "ta-ta-ta" ni nzuri. Cheche nyembamba ya manjano, au hakuna kabisa, ni kosa la umeme.

Kama hakuna cheche, weka balbu kwenye kichwa cha chanya cha koili, ufunguo ukiwa umewashwa. Lazima iwake, na iendelee kuwaka stata inapozunguka. Isipowaka, fuata swichi na fyuzi. Kisha hamishia balbu kwenye hasi ya koili na piga stata: inatakiwa imetamete. Ikimetameta na cheche hakuna, koili ni mbovu, au waya wake mkubwa, au kifuniko cha distributa kimepasuka. Isipometameta, kosa liko kwenye pointi (swichi ndogo ndani ya distributa) na kondensa yake, au kwenye kile kifaa cha umeme kilichochukua nafasi ya pointi kwenye magari ya baadaye kidogo.

Koili huharibika kwa joto kwa sababu ndani yake kuna nyaya nyembamba mno zilizotenganishwa kwa varnishi. Varnishi ikizeeka, joto likipanda nyaya zinagusana, ikipoa zinaachana. Kuna jaribio rahisi: zima ufunguo, funika koili kwa kitambaa kilicholowa maji na kukamuliwa, ngoja dakika tano, jaribu tena. Cheche ikirudi wakati injini yote bado ni moto, umempata mwenye kosa. Kifaa cha umeme cha distributa usikifunike kwa kitambaa chenye maji. Kipepee au kigandishie pakiti ya barafu iliyofungwa ndani ya plastiki kavu. Barafu ya samaki inafaa.

Unaponunua koili mpya, angalia kama gari yako inatumia rezista ya nje (kipande cha kupunguza umeme). Koili za pointi zisizo na rezista huwa na kiasi cha omu 3 upande wa volti ndogo, zile za rezista omu 1.5 hivi. Ukifunga ya pili mahali pa ya kwanza, itaungua baada ya muda mfupi. Na msiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimwa mkisikiliza redio. Koili inakaa ikipata moto bure.

Cheche ipo: basi ni mafuta

Fungua kifuniko cha chujio la hewa. Ufunguo umezimwa. Chungulia ndani ya kabureta huku ukivuta kwa mkono kile kipini cha mafuta ambacho waya wa pedali unakivuta. Petroli iruke ndani kama uzi. Ikiruka, bakuli lina mafuta. Isiporuka, bakuli ni tupu, na hapo ni mvuke. Kabureta nyingi za Toyota zina kioo kidogo ubavuni kinachoonyesha usawa wa mafuta. Kifute utazame, huhitaji hata kuvuta kipini.

Bakuli tupu maana yake petroli ilichemka ikaondoka, na ile iliyomo kwenye pampu na mipira imegeuka mvuke. Pampu ya injini inavyopiga inafyonza mvuke tu, kama mrija uliotoboka kwenye dafu. Funika pampu na mpira wa mafuta kwa kitambaa cha maji kwa dakika chache, epuka kugusa manifoldi, kisha piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi na kupumzisha baina yake. Ikiwaka, kosa umelijua. Fungua na kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, tundu lake la kupumulia limeziba na pampu ilikuwa inashindana na tangi lililofungwa. Hilo ni kosa la bei rahisi kuliko yote na halikaguliwi na watu wengi.

Kinyume chake ni mafuta kuzidi. Petroli iliyochemka ndani ya bakuli hupanda na kumwagika ndani ya injini wakati gari imesimama. Utanusa harufu, na plagi ukiifungua imelowa. Hapa usicheze na pedali juu na chini, kila mkanyago unaongeza mafuta. Ikanyage mpaka chini, ishikilie hapo hapo, piga stata sekunde tano hadi kumi bila kuachia. Kabureta inakuwa wazi kabisa, hewa nyingi inaingia, petroli iliyozidi inatoka. Ikianza kushika, achia polepole. Hakikisha choki iko wazi: kile kibati cha juu kiwe kimesimama wima injini ikiwa moto. Choki ya kujiendesha yenyewe iliyokwama inatosha kuigomesha gari kila mchana.

Hizo zote ni za kuondokea njiani. Tiba ya kudumu iko chini ya kabureta. Kati ya kabureta na manifoldi kiwandani huwekwa kipande kinene cha plastiki ngumu au bakelaiti, kazi yake ni kuzuia joto la chuma lisipande. Kabureta ikishushwa kwa matengenezo, kipande hicho kikapasuka, mara nyingi hurudishwa gesketi ya karatasi tu. Gari inawaka, mwenyewe anafurahi, na Kaskazi ikifika shida inaanza. Chungulia ubavuni kama yako ipo, na kama haipo, hiyo ndiyo ya kuagiza kabla ya kabureta mpya. Pampu ya mafuta ya kufungwa kwenye injini nayo ina kipande chake cha kuzuia joto.

Tazama pia bati la kukinga joto juu ya manifoldi ya moshi. Kwenye gari nyingi lilishatolewa likatupwa kwa sababu linalia. Bati jengine linakatwa kwa mhunzi wa bati kwa bei ndogo. Liache nafasi ya hewa pande zote mbili. Mpira wa mafuta upite mbali na moshi, usilale juu ya injini, na chujio la chuma lisikae jirani na bomba la moshi. Pampu yenye njia tatu ina ile ya kurudisha mafuta tangini, na mzunguko huo ndio unaoondoa mvuke na kupoza pampu. Ukikuta njia hiyo imezibwa kwa boliti, ifungue na uirudishe. Mwisho kabisa angalia kisindano na boya vinavyozuia mafuta yasizidi ndani ya bakuli: usawa ukiwa juu mno, au kisindano kikivuja, petroli inamwagika hata isipochemka.

Wengi watakwambia ufunge pampu ya umeme. Inasaidia, kwa sababu inasukuma mafuta kutoka karibu na tangi badala ya kuyavuta, na kwa kabureta isizidi shinikizo la bar 0.3 hivi. Lakini mimi naiweka mwisho. Ukiifunga juu ya gari isiyo na kinga ya joto unasukuma petroli zaidi mahali panapochemka, na isipofungwa na swichi ya kuizima injini inaposimama, ajali ndogo ya mpira kukatika inageuka moto.

Dizeli

Dizeli haichemki kwa joto hili, na zile plagi za moto (za kupasha silinda kabla ya kuwasha) hazihitajiki sana injini ikiwa tayari ina moto. Kwa hivyo dizeli inayowaka asubuhi na kugoma mchana, stata ikizunguka kwa kasi nzuri, inatia shaka pampu ya nozeli yenyewe, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Ndani ya pampu kuna kichwa na pistoni yake vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa. Vikilika, dizeli nzito ya asubuhi bado inapata shinikizo. Dizeli iliyopata moto inakuwa nyepesi, inapenya pembeni, na kwenye mwendo mdogo wa stata shinikizo halifiki la kufungua nozeli.

Jaribio lake halina gharama. Gari ikigoma, funika pampu ya nozeli kwa kitambaa na ukimwagie maji ya kawaida polepole kwa dakika tano, pampu tu, si injini wala moshi. Piga stata. Ikishika haraka, pampu imelika na hakuna plagi wala betri itakayoiponya. Itengenezwe na fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Kwa sisi maana yake mara nyingi ni kuipeleka ng'ambo, basi uwe na hakika kabla hujaifungua.

Kabla ya kuihukumu pampu, ondoa mambo mawili. La kwanza ni hewa. Funga ule mpira unaoonyesha ndani, baina ya chujio na pampu, na utazame gari ikiwaka na baada ya kusimama. Mapovu yanayopita ni hewa inayoingia kwenye mpira uliokakamaa au kwenye kile kipampu cha mkono juu ya chujio. La pili ni solenoidi ya kukata mafuta nyuma ya pampu: washa na kuzima ufunguo, isikike "tik". Ikiwa moto ikakaa kimya, pima kama umeme wa volti 12 unafika. Na usipulizie dawa ya etha kwenye dizeli yenye plagi za moto. Inaweza kulipuka ndani na kuvunja pistoni.

Pikapu za sindano za umeme

Kwa petroli isiyo na kabureta anza na sensa ya joto la maji na plagi yake ya nyaya. Ikidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi, mafuta yanamwagwa mengi mno. Kutu ya kijani kwenye plagi hiyo ni ya kawaida huku, isafishe kwanza.

Ukimaliza yote na bado

Cheche nzuri, mafuta yapo, stata ina kasi, na haishiki: pima kompresheni (shinikizo ndani ya silinda) ikiwa moto. Valvu zilizobana hazifungi vizuri chuma kikitanuka, nguvu inavuja. Kwa 22R nafasi ya valvu ni milimita 0.20 za kuingizia na 0.30 za kutolea, zikipimwa injini ikiwa moto.

Halafu jiulize kama injini inapata moto kupita kiasi. Sindano ya geji ikipanda juu ya kawaida yake, shughulikia rejeta kwanza. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, yanaota kutu na magamba ndani ya mirija. Tumia kuleni (maji maalumu ya rejeta) ya kununua, au maji ya mvua ukikosa. Termostati isitolewe kwa dhana ya kupoza, ibadilishwe. Na ikiwa maji yanapungua bila kuvuja nje, na ikishawaka inatetema na kutoa moshi mweupe kwa muda, gesketi ya silinda hedi inavuja ndani. Usiendelee kuipigia stata, maana maji hayabanwi na pistoni inaweza kupinda mkono wake.

Kumthibitishia fundi, na kujaribu baada ya kazi

Mpelekee gari mchana, ikiwa moto, na karatasi yenye uliyopima: volti za betri stata ikizunguka, cheche ilikuwa au haikuwa, kioo cha kabureta kilikuwa na mafuta au kitupu, ni baada ya dakika ngapi tangu kuzima. Fundi mzuri ataheshimu karatasi hiyo kuliko maelezo marefu. Kubalianeni kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vikibadilishwa vitatu pamoja hamtajua kipi kilikuwa kibovu.

Kabla ya kulipa, ipakie kidogo, iendeshe njia yenye kilima mpaka sindano ya geji itulie mahali pake. Izime juani, boneti ikiwa imefungwa. Iwashe mara moja, kisha izime tena na uiwashe baada ya dakika 15, na mara nyengine baada ya dakika 30. Kama inashika mara zote tatu bila kukanyaga pedali zaidi ya kawaida, kazi imefanyika. Ikigoma hata mara moja, isiondoke gereji; fundi achukue mita aanze kupima hapo hapo, ingali moto.